Kinyozi wa Jericho na Habari za Poland

Mimi nimeishi Poland miaka sita. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue kwamba hizi si habari za kusikia. Nilikwenda na diploma yangu ya uchomeleaji, nikafanya kazi katika kiwanda cha trela za malori nje ya mji wa Poznań, nikarudi kwa hiari yangu, na leo nina karakana Kware, hapa Nairobi, yenye mafundi saba, na nyumba Donholm ambayo sikurithi kwa mtu. Mageti mengi unayoyaona ukitoka Outer Ring kuelekea Pipeline yamepita mikononi mwangu. Lakini aliyenifundisha Poland ni mzee ambaye hakuwahi kupanda ndege, na alinifundisha nikiwa nimeinamisha kichwa, kitambaa cha kunyolea kimefungwa shingoni, nusu ya nywele zangu zikiwa sakafuni.

Sote tulimwita Kinyozi, hata mke wake. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Jericho. Siku hizi kinauza vifuniko vya simu, maana mwenyewe amerudi kwao Magharibi mwa Kenya. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sizijui, na hakupenda kuulizwa. Ukimuuliza alikugeuza kichwa kwa vidole viwili, kama mtu aliyeona nywele alizozisahau kisogoni, na hapo swali lilikwisha.

Ndani kulikuwa na kiti kimoja, kioo chenye ufa, benchi la watu watano lililokaliwa na wanane, na ramani ya Ulaya aliyoikata kwenye atlasi ya shule. Poland aliipaka wino mwekundu wa kalamu. Juu ya ramani alibandika kadibodi iliyoandikwa kwa mkono: SIASA ZA HAPA MARUFUKU.

Marufuku hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka mmoja wa uchaguzi wateja wake wawili, mmoja mtu wa Kati na mwingine mtu wa Magharibi, walishikana mashati mbele ya kioo kile, na mmoja akanyoosha mkono kwenye meza ya wembe. Hakuna aliyekatwa. Hata hivyo Kinyozi alifunga wiki nzima, na alipofungua alitangaza kwamba atakayetaja mwanasiasa wa Kenya ndani ya kibanda atatoka na nywele za upande mmoja. Shida ni kwamba huwezi kumkalisha mwanamume wa Eastlands kwenye benchi Jumamosi asubuhi ukamwambia asibishane. Basi Kinyozi akawatafutia nchi ya kubishania. Akawapa Poland.

Aliichagua kwa sababu ya Nekesa, mtoto wake wa pekee. Nekesa alikwenda huko kusoma, akamaliza, akapata kazi katika kiwanda cha kupakia uyoga, na tangu aondoke hakuwa amekanyaga Jericho tena. Katika habari zote za dunia Kinyozi alitafuta jambo moja: ni lini binti yake anaweza kuja nyumbani, akae na mama yake, kisha arudi kazini bila kukuta mlango umefungwa. Bei ya zloti, pesa yao, uchaguzi, vita vya jirani, yote aliyasoma akitafuta hilo.

Alisoma kabla ya mteja wa kwanza kufika. Simu ilimgeuzia magazeti ya Kipoland kuwa Kiingereza kibovu, naye akatugeuzia kuwa Kiswahili kizuri. Hakuridhika na habari moja. Ukimwambia "wamesema hivi", alizima mashine ya kunyolea.

"Nani amesema? Na juzi huyo huyo alisema nini?"

Na kama hukujua alisema nini juzi, ulikaa hapo na kichwa chako cha nusu mpaka apatikane anayejua. Kuna karani mmoja aliyekwenda kazini na kofia ya sufu katika joto la Februari kwa sababu Kinyozi na benchi hawakukubaliana juu ya ngano ya Ukraine.

Ugomvi huo wa ngano naukumbuka vizuri. Wakulima wa Poland walikuwa wamefunga barabara kwa matrekta wakisema nafaka ya Ukraine inaingia kwa bei ya chini na kuwamaliza. Muuza Makaa, ambaye ni mtu wa Murang'a huko Kati na alikuwa na sehemu yake ya kudumu mwisho wa benchi, alisema hao wakulima hawana utu. Jirani anapigwa vita, wewe unamfungia barabara?

"Wewe," Kinyozi akamwambia, "dada yako si anafuga kuku?"

"Anafuga."

"Mayai ya Uganda yakijaa sokoni anasema nini?"

"Ngai! Hiyo usitaje mbele yake. Anaweza kukupiga na trei."

"Basi dada yako ni Mpoland."

Benchi lilicheka mpaka mlinzi wa zamu ya usiku, tuliyemwita Soja, akaamka. Soja, mtu wa Magharibi, alikuja pale kila asubuhi kulala akiwa amekaa. Kinyozi akaendelea kunyoa huku akieleza, bila haraka, kwamba nchi ile ilipokea wakimbizi wa Ukraine majumbani mwake, ikapitisha silaha za kumsaidia jirani, na bado mkulima wake ana deni la mbolea. Mtu mmoja anaweza kukufungulia mlango asubuhi na kukufungia barabara jioni, na nyakati zote mbili akawa anasema kweli. Matrekta yale yalipoanza kupita nilikuwa bado huko, miezi michache kabla sijarudi. Mimi niliona foleni tu. Nilikasirika kwamba nimechelewa kazini.

Serikali yao alitueleza kwa sufuria. Waziri mkuu ndiye anayepika, alisema, lakini rais ndiye ameshika kifuniko, na hawa wawili wanatoka kambi mbili zisizopendana. Benchi liligawanyika papo hapo. Muuza Makaa akawa mtu wa rais, kwa hoja kwamba kila nyumba inahitaji mtu wa kusema hapana. Soja akawa mtu wa waziri mkuu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na bosi wa kumkatalia kila kitu. Ungepita nje usikie wanavyotukanana kwa ajili ya watu ambao majina yao hawakuweza kuyatamka, ungedhani wana mashamba kule. Lakini walitukanana wakigawana chapati moja. Mtu wa Kati na mtu wa Magharibi, miaka yote ile, na hakuna aliyegusa wembe tena.

Ubishi ulipokuwa mrefu kulikuwa na kura. Kinyozi alizima mashine, akageukia benchi, akauliza, "Benchi linasemaje?" Mikono ikainuliwa. Hata aliyekuwa kwenye kiti, na povu masikioni, alikuwa na kura yake. Likishasema benchi, mjadala umefungwa. Kwa njia hiyo tuliamua kwamba Poland haina haja ya kuacha zloti na kuchukua yuro. Tuliamua mlango wa choo cha soko upakwe rangi gani. Soja alipoachwa na mke wake, benchi lilipiga kura aende akaombe msamaha, akaenda, akasamehewa. Baada ya hapo kura ya benchi ikawa kitu kikubwa Jericho. Watu walikuja na mambo yao ya nyumbani wakijifanya wanataka kunyolewa ndevu.

Hakuwa malaika. Wakongomani walipofungua vibanda vya kunyolea Kware, wakiosha kichwa kwa maji ya moto na kukanda mabega, Kinyozi alipoteza vijana wote. Alisema mengi. Alisema wageni wamejaa, hawana leseni, wanaharibu kazi. Alisema hata Wapoland wana haki ya kulinda mpaka wao. "Hata mimi nina mlango," alisema, akaupiga mlango wake teke kidogo kuuonyesha.

Muuza Makaa akamuuliza kwa upole, "Na Nekesa huko ni nani, mzee? Mwenyeji?"

Kinyozi aliendelea kunyoa mahali palipokuwa pameshanyolewa. Lakini mmoja wa Wakongomani hao alipoibiwa mashine zake zote, aliletewa mashine ya pili ya Kinyozi, ile nzuri, ikiwa imefungwa ndani ya gazeti. Bado aliwasema vibaya wiki iliyofuata. Nilimwuliza mbona. Akasema, "Mdomo ni wa biashara. Mashine ilikuwa kwa ajili ya Nekesa."

Mtu pekee aliyeweza kumnyamazisha alikuwa mke wake. Aliuza mboga sokoni, hatua chache kutoka kibandani, na saa saba alisimama mlangoni akiwa na sufuria iliyofunikwa kwa sahani.

"Kinyozi, huko Poland wameshakula?"

"Bado kidogo, mama."

"Sisi wa huku tuna njaa."

Naye aliacha kichwa cha mtu na kwenda kunawa. Mama huyo hakusoma habari zozote. Kila Jumapili baada ya kanisa alizungumza na Nekesa kwa simu, na alimwuliza mambo matatu: unakula nini, unalala saa ngapi, unakuja lini. Mawili ya kwanza Nekesa aliyajibu mwenyewe. La tatu alisema, "Muulize Baba." Sababu ni kwamba Nekesa, aliye ndani ya Poland, alikuwa akipata habari za Poland kutoka Jericho. Alifanya kazi zamu kwa zamu, akarudi chumbani akalala. Alikiri kwangu baadaye kwamba hakuwahi kufungua gazeti la huko hata moja. Baba alikuwa anasoma kwa niaba yake.

Hilo halikunishangaza hata kidogo, kwa kuwa mimi pia sikuwa nikisoma. Niliporudi na koti langu la ngozi na kwenda kunyolewa Jericho, nilikwenda ili nisikilizwe. Nikawaeleza theluji, tramu, na jinsi msimamizi wangu alivyowaita wenzake waje kuona maungio yangu ya chuma. Walisikiliza vizuri. Kisha Kinyozi akauliza mbona mkate ulipanda bei mwaka ule.

"Ulipanda tu, mzee."

"Ulipanda tu? Mkate haupandi tu. Hata huu wa hapa haupandi tu."

Nilikuwa najua bei ya mkate kila wiki kwa miaka sita, na yeye alikuwa anajua sababu yake. Kuanzia siku hiyo waliniita Diploma, na sikukataa, kwa kuwa ninayo, na imetundikwa ukutani katika karakana yangu ikiwa na kioo.

Kosa langu kubwa lilitokea Jumamosi nyingine. Mashine ikivuma juu ya sikio langu, Kinyozi alituuliza: serikali ikiwa na wabunge wengi kuliko wapinzani, rais anawezaje kuzuia sheria yake? Nilijibu kabla ya mtu yeyote. Nilisema hawezi, wengi ni wengi, rais anasaini tu, nimekaa huko najua. Mashine ikazimwa.

"Wingi huo hautoshi," Kinyozi alisema. "Rais akikataa, wanahitaji wabunge watatu katika kila watano. Hawana. Ndiyo maana sheria zinarudi kama nguo zisizomtosha mtu." Akaniangalia kwenye kioo. "Miaka sita, Diploma. Ulikuwa unaangalia nini?"

Alianza yeye kucheka, na benchi likamfuata. Muuza Makaa akasema, "Buda, hiyo diploma ni ya kukaa wapi?" Soja akasema labda nilikuwa nimefungiwa ndani ya trela. Nilicheka nao, kwa kuwa mtu mzima hufanya hivyo. Lakini nililipa na kuondoka bila kupakwa spiriti, na kichwa kilikuwa kinawasha hadi Donholm, na haikuwa wembe.

Wiki iliyofuata mke wa Kinyozi alifariki. Alianguka sokoni asubuhi, kati ya sukuma wiki na nyanya zake, na kabla ya saa sita hakuwa nasi.

Nyumba ilijaa wanawake, kwa hiyo sisi wanaume tulikutana kibandani. Tuliketi kwenye benchi lile lile. Kinyozi alisimama mahali pake nyuma ya kiti kitupu, ameshika kitana kama vile kuna kichwa mbele yake.

"Nekesa anauliza kama aje," alisema. "Nimemwambia asubiri."

"Asubiri nini?" Muuza Makaa alisema. "Mama yake amelala mochari. Aje."

"Aje, halafu?" Alitoa simu akasoma. Serikali ya kule ilikuwa imesimamisha haki ya kuomba hifadhi kwa wanaoingia kupitia mpaka wa Belarus. Ulikuwa wakati wa kampeni za urais, na wagombea walikuwa wakishindana nani atakuwa mkali zaidi kwa wageni. Alisoma yote kwa sauti ile ile ya kila Jumamosi, kisha akaishusha simu. "Akitoka sasa wakamfungia nje, kazi imekwenda, miaka yote imekwenda. Mama yake alitaka aje na arudi. Si aje akwame."

Soja, aliyekuwa macho kabisa siku hiyo, akasema, "Si tuulize Diploma? Yeye ndiye amepita hapo."

Wote wakanigeukia.

Nilikuwa najua. Nilijua kama ninavyojua rangi ya chuma kabla hakijayeyuka. Sheria ile ilikuwa ya watu wanaotokea msituni, kwenye uzio wa mashariki, bila karatasi. Nekesa alikuwa na kadi ya ukaazi ambayo muda wake haujaisha. Mimi mwenyewe nilikuja na kadi ya aina hiyo kumzika baba yangu, na baada ya wiki mbili nikarudi Poland. Mama wa dirisha la kukagua pasipoti pale uwanja wa ndege wa Warsaw aliitazama kadi, akanitazama mimi, akagonga muhuri, akamwita wa nyuma yangu huku anatafuna kitu. Muda wa kuosha kichwa ni mrefu kuliko huo.

"Mimi sina maoni," nilisema. "Mambo ya siasa za kule mzee ndiye anayajua."

Nilitaka aniombe. Huo ndio ukweli, na nimeshauandika sasa. Nilitaka aseme mbele ya wote kwamba kuna jambo la Poland ambalo Diploma analijua na yeye halijui. Angesema hivyo ningefungua mdomo. Lakini yule alikuwa mtu aliyefiwa asubuhi ile, hakuwa na nafasi ya kuona nimenuna.

"Benchi linasemaje?" akauliza.

Mikono iliinuka mmoja mmoja. Nekesa abaki. Muuza Makaa alikuwa wa mwisho kuinua wake, akiangalia sakafu. Mimi sikuinua, nikajiambia kwamba kwa hiyo sijafanya lolote.

Tulimzika mama yule Bungoma. Niliwachukua wazee wanne kwa gari langu. Kaburini Kinyozi alikataa mtu mwingine ashike simu. Aliiinua mwenyewe ili Nekesa aone, na tulimsikia binti akilia ndani ya kile kisimu, halafu jeneza lilipoanza kushuka mtandao ukakatika. Picha ikaganda. Sisi tuliosimama nyuma yake tuliiona imeganda. Yeye alikuwa anaangalia kaburi, mkono umenyooka, anaigeuza simu taratibu kufuata jeneza, kisha kufuata udongo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Aliporudi Jericho alinyoa kama kawaida na kusoma kama kawaida. Kura tu ndiyo iliyokufa. Ubishi ulipokuwa mrefu aliuacha uendelee mpaka watu wachoke wenyewe, na hakuna aliyemwuliza sababu.

Ilipita zaidi ya mwaka. Siku moja, kama saa nne asubuhi, nilimwona amesimama kwenye geti la karakana yangu. Huyu ni mtu aliyekuwa akisema Kware ni mbali kuliko Kraków. Alikuwa amevaa koti la Jumapili. Nilimtolea kiti, nikawaambia mafundi wazime mashine.

"Leo asubuhi nimesoma rais wao amekataa sheria nyingine," alisema, kabla hata ya salamu. "Na zloti imesimama vizuri. Waziri mkuu amefoka."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aliiangalia diploma yangu ukutani, akaisoma yote, mpaka sahihi. "Ni nzuri," alisema. Kisha akakaa.

Nekesa alitaka kuja Desemba. Kadi yake ilikuwa imetolewa upya. Lakini baada ya mazishi ndege zisizo na rubani zilikuwa zimevuka kutoka mashariki na kuingia anga ya Poland, na mpaka wa Belarus ulifungwa kwa siku kadhaa, na Kinyozi alikuwa ameyasoma yote hayo, na mara mbili alikuwa amemwambia binti angoje kidogo.

"Safari hii sitaki benchi," alisema. "Nataka wewe. Niambie dirisha. Mtu anafika pale, kisha?"

Nikamwambia. Nilimweleza foleni mbili, moja ya wenyeji wa Ulaya na nyingine yetu. Nilimweleza awe na kadi na barua ya mwajiri mkononi, ingawa barua hawaiombi. Aliuliza maswali madogo madogo kama mtu anayejifunza kazi: wanakaa juu au chini yako? Wanauliza kwa lugha gani? Nilifurahi, siwezi kuficha. Nikafungua droo nikatoa pasipoti yangu ya zamani, nikamwonyesha mihuri. Kutoka, kuingia. Kutoka, kuingia.

Alivaa miwani. Kidole chake kikasimama kwenye muhuri mmoja.

"Huu ulikwenda wapi?"

"Hapo nilikuja kumzika baba."

"Ukarudi."

"Baada ya wiki mbili."

"Na kadi yako ilikuwa kama ya nani?"

Nilielewa ameshafika wapi. Ningeweza kusema sheria zilikuwa tofauti wakati ule. Hangeweza kunikosoa, dirisha halijui.

"Kama ya Nekesa," nilisema.

Alivua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaitoa tena.

"Kwa hiyo angekuja."

"Angekuja, mzee."

"Na ulijua, siku ile."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Mlikuwa mmenicheka," nilisema, na ndani ya karakana kubwa kama ile maneno hayo yalisikika madogo sana.

Mafundi wangu walijifanya wanatafuta vitu. Nje mtu alikuwa anatangaza bei ya viazi.

"Nilikucheka mimi wa kwanza," alisema mwishowe. "Hilo ni langu. Na kwenda kupigisha kura juu ya maiti ya mke wangu kama rangi ya choo, hilo pia ni langu. Lako ni hilo moja." Akainua kidole kuzuia nisiseme. "Sijakusamehe. Siku nikikusamehe nitakwambia, usiwe unaniangalia usoni kutafuta."

Kisha akatoa simu akampigia Nekesa. Aliiweka sauti kubwa, nadhani kwa makusudi, ili nisikie.

"Baba? Kuna nini? Nimeamka sasa hivi."

"Hakuna kitu. Kata tiketi ya Desemba, mama."

"Na mambo ya mpaka? Huku kazini wanasema ukitoka sasa..."

"Niko na mtu aliyepita hapo. Atakueleza dirisha lilivyo. Msikilize yeye."

"Sawa. Lakini habari zinasemaje, Baba? Leo umesoma nini?"

Kinyozi aliiangalia simu yake. Mkono ulikuwa umetulia, ule mkono wa kushika wembe.

"Leo sijasoma, mama," alisema. "Njoo tu."